Kitufe na Mazoea ya Mkono

Mazoea ni mtumishi asiyedai ujira, na kwa kuwa hadai, watu husahau kwamba yupo. Mtu huvaa viatu, hufunga mlango, hukoroga chai na kutia saini yake pasipo kuitisha baraza la akili kila mara. Kama angelazimika kufikiri juu ya kila tendo dogo la siku, jua lingekuchwa kabla hajamaliza vifungo vya shati. Ukubwa wa utumishi huu hauonekani mpaka siku unapokatizwa. Na siku hizi hukatizwa mara nyingi mahali ambapo wahenga hawakupajua, yaani juu ya kioo cha kompyuta.

Waliobuni kompyuta za namna ya leo waliufananisha uso wa kioo na meza ya ofisi. Juu ya meza hiyo kuna karatasi, majalada na kapu la taka. Kazi hufanywa ndani ya madirisha, na kila dirisha lina utepe kichwani wenye vitufe vitatu: kimoja cha kulifunga, kimoja cha kulishusha lisionekane, na kimoja cha kulitandaza lienee meza nzima. Kila kimoja ni kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Swali la kwamba vikae pembe ya kuume au pembe ya kushoto laonekana kuwa swali la watu wasio na shughuli. Walakini mwaka 2010 swali hilo liliwagombanisha watu wa nchi nyingi, na katika ugomvi huo kila upande ulikuwa na haki yake. Ugomvi ambao upande mmoja una haki na wa pili hauna huamuliwa upesi. Huu haukuamuliwa, na ndiyo sababu wastahili kutazamwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Uko mfumo wa kompyuta uitwao Ubuntu. Ulitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kampuni ya Canonical, iliyoasisiwa na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amekwenda angani katika chombo cha Warusi kwa gharama yake mwenyewe. Mfumo huu hutolewa bure, na kila apendaye aweza kuufungua, kuusoma na kuubadili. Jina lake ni neno la Kizulu na la Kixhosa ambalo Mswahili hahitaji mkalimani kulifahamu: ubuntu ni utu. Watumiaji wake walikuwa wamezoea kuviona vitufe vya dirisha katika pembe ya juu ya kuume, mahali vilipokaa pia katika Windows tangu 1995. Toleo la 10.04, lililotoka tarehe 29 Aprili 2010, lilivihamishia pembe ya kushoto.

Habari ilienea wakati toleo hilo lilipokuwa bado katika majaribio, na malalamiko yakamiminika. Wengine walieleza kasoro kwa utaratibu, wengine walitukana, wengi waliuliza neno moja tu: kwa nini? Shuttleworth alijibu kwamba maoni mema na ushahidi mwema vyakaribishwa, ila mambo ya ubunifu hayapigiwi kura, na shughuli ile haikuwa ya kidemokrasia. Baadaye alieleza kuwa upande wa kuume ulitakiwa uwe wazi kwa ajili ya kitu kipya kilichokusudiwa kuwekwa pale, alama ndogo za kumwonyesha mtu hali ya dirisha lake. Mfuatano wa vitufe ulirekebishwa wakati wa majaribio. Upande haukurekebishwa.

Aliyetazama kwa mbali aliweza kucheka. Lakini kuna njia rahisi ya kuwaelewa waliokasirika, nayo ni kuingia jikoni.

Mama mwenye nyumba hujua kiberiti chake kilipo. Umeme ukikatika usiku hasemi moyoni mwake kwamba kiberiti kiko rafu ya pili, upande wa kushoto wa kopo la chumvi. Mkono wake huondoka wenyewe gizani na kurudi na kiberiti. Aulizwe mchana kiko wapi, huenda akasita kujibu, mkono hausiti. Sasa na achukuliwe mgeni mwema, mpenda mpango, ambaye mchana ameona kuwa rafu ya juu ni bora zaidi: ni kavu, na watoto hawaifikii. Amekihamisha. Sababu zake zote ni za kweli. Usiku taa zinapozimika, mama hunyoosha mkono na kugusa ukuta mtupu. Hakupotewa na kiberiti, maana kimo mle mle ndani, tena kimehifadhiwa vizuri kuliko jana. Kilichompotea ni ule ujuzi wa kuwa mwenyeji nyumbani mwake. Kwa muda wa kupapasa ukuta amekuwa mgeni, na mgeni amekuwa mwenyeji.

Kwa karani, mhasibu au mwalimu atungaye mitihani, kompyuta ni jiko la namna hiyo. Hufungua na kufunga madirisha mara nyingi mno kwa siku, na hakuna hata mara moja akumbukayo kuwa amefanya hivyo. Ustadi huo haukuokotwa. Ulilipiwa kwa saa nyingi za makosa, za kubofya pasipo, za kufunga kilichopasa kubaki wazi. Ni mali iliyochumwa kwa jasho, ila ni mali isiyo na hati, haiandikwi katika daftari lolote, na kwa hiyo aiondoaye hahesabiwi kuwa ameondoa kitu. Watengenezaji hupenda kusema kwamba mtu hujifunza mahali papya kwa siku mbili au tatu. Yamkini. Lakini katika siku hizo mtu hayuko sawa na mwanafunzi mpya. Yuko nyuma yake. Mwanafunzi mpya hana la kusahau, hali yeye ana mkono unaokwenda kuume kila akili inapoutuma kushoto. Hapo ndipo dhuluma ndogo ya jambo hili inapoonekana: aliyejifunza sana ndiye apotezaye sana, na mvivu ambaye hakupata kulizoea lolote hapotezi kitu.

Yafaa kuuliza kama kuna upande ambao vitufe vinaustahili kwa asili, kabla ya mazoea kuingia. Ikiwa upo, basi aliyeviweka hapo alirudisha haki mahali pake, na kelele zote zilikuwa kelele za waliozoea kosa.

Ziko sehemu za kioo zilizo bora kwa asili. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Fitts, alionyesha kwamba muda wa mkono kuifikia shabaha hutegemea umbali wa shabaha na upana wake. Iliyo mbali na nyembamba huchelewesha. Iliyo karibu na pana huharakisha. Kutokana na kanuni hiyo wabunifu wa kompyuta walipata faida kubwa. Kishale kikisukumwa hadi ukingo wa kioo hukwama hapo, hakipiti. Kwa hiyo kitu kilichowekwa ukingoni ni kama kina upana usio na mwisho, na pembe, ambayo ni makutano ya kingo mbili, hushinda ukingo. Ndiyo maana menyu za Macintosh tangu 1984 zimekaa kwenye ukingo wa juu kabisa wa kioo, wala hazimo ndani ya kila dirisha. Sababu hiyo ni ya asili. Ingekuwa kweli hata kwa mtu aliyeiona kompyuta leo asubuhi. Lakini baina ya pembe ya kuume na pembe ya kushoto kanuni hii haina la kusema. Hoja moja ya walalamikaji wa 2010 ilikuwa na asili hiyo: katika Ubuntu ya wakati ule menyu za kila programu zilianzia kushoto, chini kidogo ya utepe wa dirisha, na sasa kitufe cha kufunga kililetwa kuwa jirani yake, mkono ukiteleza, aliyetaka kufungua menyu huifunga kazi yake. Hoja nyingi kati ya zilizosalia zilikuwa mazoea yaliyovikwa kanzu ya elimu.

Historia nayo haina msaada kwa upande wowote. Macintosh ya 1984 ilikuwa na kisanduku cha kufungia upande wa kushoto, na Mac OS X ya 2001 ikavikusanya vitufe vyote vitatu huko huko, vikiwa na rangi za taa za barabarani. Windows za mwanzo zilifungwa kwa kubofya mara mbili katika pembe ya kushoto. Alama ya mkato iliyokaa kuume ililetwa na Windows 95. Waliotetea upande wa kuume mwaka 2010 kana kwamba ni urithi wa mababu walitetea desturi yenye umri wa miaka kumi na mitano. Hiyo si aibu kwao. Desturi haipimwi kwa umri wake, hupimwa kwa kina ilichoingia.

Na wasemaji wa Kiswahili wana sababu yao ya kutoamini kwamba kuume na kushoto vimepangwa na maumbile. Aketiye Muscat mbele ya kompyuta yenye Windows 10 ya Kiarabu hukuta kitufe cha kufunga kiko kushoto na kile cha kuanzia kiko kuume, kwa kuwa uso wote umegeuzwa ufuate maandishi yatokayo kuume kwenda kushoto. Kiswahili chenyewe kiliandikwa hivyo kwa karne kadhaa katika pwani ya Afrika Mashariki. Tenzi, barua za biashara na hati za mirathi ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mkono wa mwandishi ulijua njia yake kama mkono wa mama ujuavyo kiberiti. Kisha zikaja herufi za Kilatini, katika vitabu vya wamisionari, katika shule na katika ofisi za serikali za kikoloni, na njia ikageuka. Haiwezekani kukana kuwa herufi mpya zilirahisisha mengi: vokali za Kiswahili zilipata kila moja alama yake, na uchapaji ukawa mwepesi. Pamoja na hayo, mzee aliyekuwa akiandikiana barua na ndugu zake wa Lamu na Unguja tangu ujana alisimama mbele ya meza ya karani aliyejua herufi za Kilatini tu, akawekewa wino atie alama ya kidole gumba. Jana alikuwa mtu wa elimu. Leo ameandikwa katika hesabu ya wasiojua kusoma. Elimu yake haikupungua hata herufi moja. Upande tu ulikuwa umehama.

Mfano huu ni mzito kupita kitufe, na si haki kuupima ugomvi wa madirisha kwa mizani ya ukoloni. Umeletwa kwa sababu huonyesha kwa ukubwa jambo ambalo katika kitufe ni dogo mno kuonekana: mabadiliko yaweza kuwa na faida ya kweli na kuondoa kitu cha kweli kwa wakati mmoja, na faida hiyo haifuti kilichoondolewa, maana aghalabu wapatao faida si wale waliopata hasara.

Aliyeliona jambo hili mapema ni Aristotle. Katika kitabu cha pili cha utungo wake juu ya siasa alilijadili pendekezo la Hippodamus wa Miletus, aliyetaka wapewe heshima watu wavumbuao jambo lenye manufaa kwa mji. Pendekezo lapendeza masikioni. Aristotle alilitilia shaka. Alikubali kwamba sanaa hustawi kwa mabadiliko, na uganga ulioacha njia za mababu ulipata nguvu kwa kuziacha. Lakini sheria, kwa maoni yake, haiko kama sanaa. Sheria haina nguvu ya kutiiwa isipokuwa ile ipewayo na mazoea, na mazoea hayaji ila kwa muda mrefu. Aibadilishaye kwa wepesi huidhoofisha. Kwa hiyo kosa dogo la sheria huenda likafaa kuachwa lilivyo, kwa kuwa faida ya kulisahihisha yaweza kuwa ndogo kuliko hasara ya kuwazoeza watu kutotii.

Sasa kitufe ni sanaa au ni sheria?

Kwa mtengenezaji ni sanaa. Ameketi na michoro yake. Leo kitufe kiko hapa, kesho kiko pale, kesho kutwa kimeondolewa kabisa, na katika kila mchoro yeye hutafuta uzuri na wepesi. Kwake mabadiliko ni pumzi. Fundi aliyekatazwa kubadili chochote amekatazwa kufikiri, na kama mafundi wa kompyuta wangalikatazwa hivyo, watu wangalikuwa bado wanaandika amri ndefu katika kioo cheusi ili kufungua barua moja. Kwa mtumiaji kitufe hicho hicho ni sheria. Hakukitunga, hakuulizwa, alikikuta. Akakitii mpaka utii ukahama kutoka akilini ukakaa mkononi. Amepanga siku yake juu yake. Kila upande husema kweli kuhusu kitu unachokiona, ila ni vitu viwili vilivyokaa katika pembe moja. Ndiyo sababu watu wa 2010 walibishana kwa miezi bila mmoja kumsikia mwenziwe. Neno la Shuttleworth kuhusu kura lilikuwa sahihi kabisa kwa upande wa sanaa: hakuna mji ambao hupiga kura namna fundi akate kanzu. Lakini wasikilizaji walikuwa wakilipokea kwa upande wa sheria. Fundi asiyepigiwa kura ni fundi tu. Mtunga sheria asiyepigiwa kura huitwa kwa jina lingine.

Isidhaniwe kutokana na hayo kuwa kura ndiyo dawa. Nchi ya Sweden ilikuwa ikiendesha magari upande wa kushoto wa barabara. Jirani zake waliendesha upande wa kuume, na magari mengi ya Waswidi wenyewe yalikwisha kuwa na usukani upande wa kushoto, kama yatakiwavyo na wale waendeshao kuume. Mwaka 1955 wananchi waliulizwa kwa kura kama wahamie upande wa kuume, na wapatao 83 katika kila 100 ya waliopiga kura walikataa. Mwaka 1963 bunge likapitisha sheria ya kuhama hivyo hivyo. Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Septemba 1967 magari yalisimamishwa, yakavushwa polepole hadi upande wa pili, na saa kumi na moja kamili yakaruhusiwa kuendelea. Ni mazoea ya mkono, ya mguu na ya jicho, ya taifa zima, yaliyovunjwa kwa siku moja kinyume cha kura ya watu wenyewe. Hata hivyo ni vigumu kusema kuwa Waswidi walidhulumiwa.

Tofauti haiko katika ukubwa wa jambo, maana upande wa barabara ni mkubwa mno kuliko upande wa kitufe. Kwanza sababu ilikuwapo nje ya nafsi ya mtunga sheria: mipaka ilikuwapo, majirani walikuwapo, ajali zilikuwapo. Dereva wa lori atokaye Dar es Salaam kwenda Kigali huielewa sababu hiyo bila kuambiwa, kwa kuwa akivuka daraja la Rusumo hubadili upande. Pili, gharama ilikubaliwa kuwa ni gharama. Miaka minne ilitumika kuwaandaa watu. Alama ya siku hiyo ilichapwa hata kwenye paketi za maziwa. Mabasi yenye milango upande usiofaa yalitengenezwa upya, na mengine yakauzwa nje, hata Kenya. Serikali haikumwambia raia kwamba atazoea kwa siku mbili. Ilimtendea kama mtu anayepokonywa kitu ambaye amestahili kuambiwa mapema, kuelezwa na kusaidiwa.

Kwa kipimo hicho kosa la 2010 halikuwa kukataa kura. Lilikuwa mahali pengine, na halikuweza kuonekana mwaka ule. Watu waliondolewa upande wa kuume ili upande huo upate kitu kipya, na kitu hicho hakikupata kuwa sehemu ya kawaida ya mfumo. Ni kama kijiji kilichohamishwa kupisha soko, na baada ya miaka watu hupita na kuona kiwanja kimeota nyasi. Kuhama kwao kulikwisha kulipiwa, kilichonunuliwa hakikuletwa. Mtengenezaji hakusema uongo, kwa maana hakuna anayejua mipango yake itafika wapi. Lakini aombaye mkopo wa mazoea ya watu amejitia katika deni, na deni halifi kwa sababu mkopaji alikuwa na nia njema.

Wengine wamefanya vibaya zaidi. Windows 8, iliyotoka Oktoba 2012, iliondoa kabisa kitufe cha kuanzia kilichokaa pembe ya chini ya kushoto tangu 1995. Mahali pake hapakuwekwa kitu. Mtu alipaswa kujua kwamba akipeleka kishale katika pembe ile tupu, mlango utatokea. Sababu ilikuwa vibao vinavyoguswa kwa kidole, vilivyokuwa vikipendwa siku hizo. Sheria ya wenye vibao ikawekwa juu ya wenye kipanya. Baada ya mwaka mmoja, Oktoba 2013, kitufe kilirudishwa katika Windows 8.1, na menyu yake ikarudi kwa Windows 10 mwaka 2015. Windows 11 ya mwaka 2021 ilikipeleka kitufe hicho katikati ya ukingo wa chini, ikampa mtu ruhusa ya kukirudisha kushoto. Ruhusa hiyo ni uungwana. Walakini pale katikati kuna kasoro inayostahili kutajwa, nayo ni kwamba kundi zima la alama hujipanga upya kila programu mpya inapofunguliwa, na kitufe husogea nalo. Kuume ni mahali, na kushoto ni mahali. Kitu kisogeacho mara kwa mara hakina mahali, na mkono hauwezi kukizoea hata ukitaka.

Kiko pia kisa cha heshima, na kwa kuwa hakina kelele wachache hukijua. Windows 95 ilipoweka alama ya kufunga upande wa kuume, haikuiziba njia ya zamani. Aliyezoea kubofya mara mbili pembe ya kushoto aliendelea kubofya, na dirisha likaendelea kufungwa. Njia hiyo ingali inafanya kazi katika madirisha mengi ya Windows hata leo, miaka thelathini na zaidi baadaye, hali wengi wa watumiaji wake wa kwanza wamekwisha kustaafu. Mlango mpya ulifunguliwa, na wa zamani ukaachwa kwa ajili ya wale ambao miguu yao ilikwisha kuujua. Haikugharimu nafasi yoyote katika kioo. Iligharimu tu kukumbuka kwamba watu hao wapo.

Husemwa, katika kutetea Ubuntu, kwamba mfumo ulio huru hauna haja ya uungwana wa namna hiyo, kwa sababu kila mtu aweza kuubadili. Ni kweli kwamba mwaka 2010 amri moja fupi ilitosha kuvirudisha vitufe kuume, na wajuzi waliirudisha kwa dakika moja. Lakini tazama ni nani waliolalamika. Walikuwa wajuzi hao hao, watu walioweza kujiponya kabla hawajamaliza kuandika lalamiko lao. Asiyejua kwamba kuna amri ya namna hiyo hakulalamika popote. Fundisha wa shule aliyewekewa toleo jipya na mtu mwingine, karani aliyekuta asubuhi dirisha limegeuka, mzee aliyefunzwa na mjukuu wake wapi pa kubofya: hawa hawakusema kuwa kompyuta imebadilika. Walisema kuwa wamesahau. Wenye elimu hulaumu chombo, na wasio nayo hujilaumu nafsi zao; kwa hiyo mtengenezaji apimaye madhara kwa wingi wa malalamiko hupima kidonda cha mtu mwenye afya, na mgonjwa hamwoni. Neno utu, likiwa limeandikwa juu ya sanduku, lingepasa kumkumbusha mtu wa namna hiyo kabla ya wengine wote.

Miaka ikapita. Ubuntu ikapata uso mwingine, ulioitwa Unity, na vitufe vikabaki kushoto. Watu wakazoea, kama walivyotabiriwa kuwa watazoea. Aprili 2017 Shuttleworth akatangaza kwamba uso huo utaachwa, na toleo la 17.10, lililotoka Oktoba mwaka huo, likavirudisha vitufe pembe ya kuume kwa mara ya kwanza tangu 2010.

Waliokaidi mwaka 2010, wakavirudisha wenyewe kwa ile amri fupi, hawakuhisi kitu siku hiyo. Waliotii ndio walionyoosha mkono na kugusa ukuta mtupu mara ya pili. Kwao iliwapo njia ya kuvirudisha kushoto, ndani ya programu ya ziada ambayo haikuja pamoja na mfumo na ambayo mtu alipaswa kwanza kujua kuwa ipo. Miongoni mwao walikuwamo vijana walioijua kompyuta kwa mara ya kwanza katika Ubuntu ya 2010, wakiwa na umri wa miaka kumi, na sasa walikuwa na kumi na saba. Hawa hawakupata kuambiwa kwamba kushoto kulikuwa uzushi. Kwao kushoto ndiko madirisha yalikofungwa siku zote, na kuume ndiko kulikoletwa na watu ambao hawakuwauliza.